Ombi la Dereva wa Basi Letu

Siku ya Jumapili dereva wetu alikuwa mkubwa wangu, Jumatatu nilikuwa mkubwa wake, na kwa miaka sita hatukuwahi kukosana kwa ajili hiyo. Yeye alikuwa mzee wa kanisa letu hapa Kitengela, Mmaasai mtu mzima mwenye sauti ya chini, na ndiye aliyeongoza ushirika wetu wa mtaa. Siku za kazi alikuwa dereva wa basi la shule. Mimi nilikuwa naibu wa mwalimu mkuu, na magari yalikuwa chini yangu.

Kila asubuhi nilitia sahihi kwenye daftari la safari kwamba gari ni zima na dereva ni mzima, halafu namkabidhi funguo. Bila sahihi yangu basi halitoki. Nilikuwa nasaini huku nakunywa chai, hata siangalii.

Sasa Jumapili moja ushirika ulikuwa kwangu. Tulikuwa watu tisa, chai na mandazi vimeisha, tukafika pale pa mahitaji ya maombi. Mmoja aliombea mvua, ng'ombe wao wamebaki mifupa. Mwingine aliombea binti yake aliyemaliza chuo na hapati kazi. Mzee akawa wa mwisho. Akasema, macho kwenye kikombe, "Wapendwa, niombeeni macho. Nilienda hospitali huko Kajiado. Daktari anasema ni presha ya macho. La kushoto limeshaenda, na hili lingine linafuata."

Jamani, tuliomba! Nilimshika mkono nikalia machozi ya kweli. Ni wakati wa kuosha vikombe ndipo nilipokumbuka. Huyu mtu kesho asubuhi anabeba watoto arobaini na wawili, na mwenye kusaini ni mimi.

Dairekta wetu alikuwa meneja wa kiwanda kabla ya kufungua shule, na mambo yake alitufundisha mapema. Kiongozi akijua jambo, anaandika. Barua, tarehe, nakala kwa faili. "Hapa hatuongozi kwa roho, madam," alikuwa akiniambia, "tunaongoza kwa karatasi." Nikimwandikia, mzee anasimamishwa kabla ya chai ya saa nne, na kwa umri ule nani atampa kazi tena? Mchungaji naye, kwenye mafunzo ya viongozi, alitukazania vingine kabisa. Kiongozi akijua udhaifu wa ndugu, anamwendea wakiwa wawili peke yao, anamchukulia, hamwaibishi. Na sisi watu wa ushirika tuko na sheria moja ambayo haijaandikwa popote: kilichosemwa kwa maombi hakitoki nje ya mlango. Kuna mama aliwahi kutoa siri ya ndoa ya mwenzake, na ushirika ule ulikufa ukazikwa.

Jumatatu nilisaini. Haki ya Mungu, nilisaini. Mzee akachukua funguo, akasema asante madam, basi. Ya jana hakuyagusa, nami nikajiambia kama Mungu amemlinda miaka hii yote, atamlinda na leo. Lakini kukaa nilishindwa. Mzazi mmoja akapiga, nikasimama wima kabla ya kushika simu, kumbe mtoto wake amepoteza sweta. Nilimjibu vibaya. Halafu nikamgombeza mpishi kwa ajili ya ugali ambao haukuwa na kosa lolote.

Jumanne nikasema nitamwendea peke yake, kama Maandiko yanavyotaka. Nilimkuta akiosha basi.

"Mzee, uko salama?"

"Niko salama, madam."

"Sawa basi."

Ndiyo hivyo tu! Mimi, ambaye nimewahi kutoa mzazi ofisini kwa mdomo peke yake, nilizunguka lile basi mara mbili nikiangalia magurudumu na kurudi zangu. Nilijiambia nampa muda. Nilikuwa naogopa, hiyo ndiyo kweli. Niliogopa kumwaibisha, niliogopa kusemwa kanisani, na nilipofikiria watoto niliogopa zaidi. Hata hivyo Jumatano asubuhi nilisaini tena.

Jioni hiyo ya Jumatano nikapanda basi. Nilidanganya kwamba nakagua mikanda, nikakaa kiti cha pili.

"Supa!" mzee akasalimia watoto kwa Kimaasai.

"Ipa!" wakaitika wote, hadi wale wadogo wa chekechea.

Tukatoka getini. Mlangoni alisimama anti wa basi, yule msichana anayepandisha na kushusha watoto. Tulipokaribia barabara kuu ya Namanga akasema polepole, kama anajiongelesha, "Kushoto kuko wazi." Basi likaingia barabarani. Mbele kidogo, "Kushoto kuna punda." Basi likapunguza mwendo, na mkokoteni wa maji ukapita karibu sana na kioo. "Kushoto bodaboda mbili." Mwanzoni nilidhani ni mazoea ya kazi. Ilipofika mara ya tano, nilielewa. Nilishika chuma cha kiti cha mbele na sikukiachilia mpaka mtoto wa mwisho aliposhuka.

Tuliporudi shuleni nilimvuta anti kando ya jikoni.

"Umeanza lini kumwambia ya kushoto?"

"Muhula uliopita, madam."

"Na hukuniambia?"

"Ni mzee wa kanisa. Ningeanzia wapi? Halafu nilifikiri nyinyi wakubwa mnajua."

"Na siku ukiwa mgonjwa?"

Akaangalia chini. "Huwa nakuja hata nikiwa mgonjwa."

Woi! Hasira zilinipanda, na sikuwa na wa kumpa isipokuwa mimi mwenyewe. Huyu msichana, mshahara mdogo, hana cheo chochote, ndiye alikuwa amebeba watoto wote hao kwa mdomo wake muhula mzima. Sisi wenye vyeo tulikuwa tunaheshimiana. Waswahili walisema mficha uchi hazai, nami nilikuwa nimeuficha na kuuombea juu.

Alhamisi nilifika kabla ya wote. Nikachukua funguo nikatia mfukoni. Mzee alipoingia akanyoosha mkono kama kawaida.

"Mzee, leo sisaini."

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na yote yakatoka yamechanganyika. Nikamwambia yeye ni baba yangu katika imani, nikamwambia utaratibu wa shule, nikamwomba msamaha kwamba natoa nje jambo la ushirika. Alikaa kwenye benchi la wageni, kofia magotini.

Dairekta akaingia katikati ya hayo. Nikamwambia yote, tena mbele ya mzee, maana nyuma ya mgongo wake singeweza. Alisikiliza akiwa amesimama. Kisha akaniuliza swali moja tu.

"Ulijua lini?"

"Jumapili."

"Leo ni Alhamisi, madam."

Hakuinua sauti. Alimwambia mzee pole, akamwambia kazi ya basi imeisha na mengine wataongea, akatoka na simu sikioni kutafuta dereva. Nilibaki nimeinamia meza. Nilikuwa na hakika mzee ananiona msaliti, Yuda wa ushirika.

"Mzee, nisamehe," nikasema. "Nimekupokonya kazi kwa kitu ulichotuambia tukuombee."

"Kuombewa?" Akaniangalia na lile jicho moja. "Mke wangu ananiombea kila siku, madam. Mimi nilisema pale kwa sababu wewe ulikuwa umekaa pale. Kuja hapa ofisini nikwambie mwenyewe uninyang'anye funguo, nilijaribu nikashindwa. Mara tatu nimefika huo mlango nikageuka. Nikaona afadhali niseme mbele za Mungu, mkubwa wangu akisikia. Nikajua Jumatatu utanizuia."

Nilitoa funguo mfukoni nikaziweka mezani.

"Jumatatu ukasaini," akasema. "Nikaendesha nikitetemeka. Nikasema labda kesho. Jumanne ukaja mpaka kwa basi, nikashukuru, nikasema sasa ndiyo hii. Ukaangalia magurudumu, ukaenda."

Nje watoto wa bweni walikuwa wanapiga foleni ya uji. Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa nalinda heshima yake, na kwamba ndivyo tulivyofundishwa, lakini niliyasikia kichwani kwanza na nikaona haya.

"Watoto leo wanaletwa na nani?" akauliza.

"Dairekta anatafuta mtu. Wazazi niliwapigia kabla hujafika."

"Hakuna mtoto anayeningoja barabarani?"

"Hakuna, mzee."

Akatoa pumzi ndefu, akafunika uso kwa kofia, akalia.