Dalali Murozono na Barua Mbili za Mafuriko

Murozono Kihachiro alikuwa dalali wa nyumba na viwanja mjini Tsurubaru kwa miaka arobaini na moja, na katika miaka yote hiyo alisifika kwa jambo moja tu: kasi ya kusoma. Sheria inamtaka dalali, kabla mnunuzi hajagonga muhuri, akae naye uso kwa uso, amwonyeshe kitambulisho cha kazi, kisha amsomee kwa sauti karatasi zote za mambo muhimu. Bomba la maji machafu limepita wapi, jirani ana haki gani ya njia, kilima kikimomonyoka udongo utashukia upande gani. Murozono alikuwa na mwendo wake. Kwenye habari njema, kama jua la asubuhi na ukaribu wa shule, alienda polepole, akipumzika mahali pa kupumzika. Akifika ukurasa wa mto alivuta pumzi moja tu na kuupita mbio, na papo hapo mkewe Tomie alitokea jikoni na chai na maandazi yenye maharage matamu ndani. Mgeni mwenye adabu haulizi habari za mto akiwa na andazi mdomoni.

Mtu asidhani mke na mume walikaa chini wakalipanga hilo. Hawakuwahi hata kulitaja. Ndoa ya siku nyingi ina mambo yake, na hili lilikuwa mojawapo.

Wala Murozono hakuwa mwongo. Kila neno alilisoma, na ukitaka kumpeleka mahakamani hungepata pa kumshika. Isitoshe, yeye mwenyewe alikaa mtaa huohuo wa Funaba unaopakana na mto, ofisi chini, kitanda juu. Mto kwake ulikuwa mandhari nzuri ya kuwaonyesha wateja wakati maua ya cheri yanapochanua.

Mwezi wa Julai ukaja ule usiku wa mvua, na kulipokucha mto ulikuwa ndani ya nyumba za watu. Murozono na Tomie walikaa ghorofani wakiangalia jokofu lao likielea chini ya ngazi. Nyumba mbili mbele yao alikaa Bi Yasutake Sumie, mjane wa miaka sabini na nne, katika nyumba ambayo Murozono mwenyewe alimuuzia miaka minane nyuma. Nyumba hiyo haikuwa na ghorofa. Bi Yasutake aliokolewa na wanajeshi kutoka juu ya paa lake, amevaa koti la mvua na amekumbatia sufuria ya wali. Walipomwambia aiache alikataa, akisema wali ulikuwa umeshaiva.

Murozono aliyaona hayo kutoka dirishani, na tangu siku ile moyo wake haukutulia. Kila alipomkumbuka mama yule juu ya paa aliusikia ukurasa wa mto ukipita mbio kinywani mwake mwenyewe.

Basi akajitosa kwenye kazi za watu. Mkoa ulihitaji vyumba vya kupanga kwa waliokosa makazi, na nani anajua vyumba vilivyo wazi kama si madalali? Chama cha madalali wa Tsurubaru kina wanachama kumi na mmoja, na Murozono ndiye alikuwa mwenyekiti. Kwa wiki tatu hakuvua viatu vya mpira. Alizipatia familia themanini pa kulala, akaandikiwa na mkoa barua ya shukrani, akaitundika ukutani mahali penye unyevu zaidi ili ifiche ukungu. Kwa kweli alistahili. Ila kichwa nacho kilianza kuvimba kidogo. Akaanza kusema "mimi na serikali" kana kwamba walisoma darasa moja.

Shida ya Bi Yasutake ilianzia kwenye usafi. Wafanyakazi wa kampuni moja ya bima walikuja kujitolea siku mbili, wakatoa tope lote nyumbani mwake, kisha kwa bidii isiyo kifani wakasugua kuta hadi zikang'aa. Aliwashukuru akawakatia tikiti maji. Wiki iliyofuata wakaja wakaguzi wa manispaa na rula yao ndefu, wanaopima alama ya maji ukutani ndipo waandike cheti cha maafa. Hawakuona alama. Waliona ukuta msafi kuliko wa hospitali, wakaandika kwamba nyumba imeharibika nusu. Mwenye nusu hupewa pole na nusu ya msaada. Mwenye kuharibikiwa kabisa ndiye hupewa cha kumwezesha kuanza upya, na Bi Yasutake, aliyekuwa akilala kwenye chumba cha mpwa wake kati ya baiskeli na mashine ya kufulia, hakuwa na njia nyingine ya kuanza upya.

Murozono alilivalia njuga. Alipima alama iliyobaki ofisini kwake, nyumba mbili tu kutoka kwa mjane, akaandika barua ya chama: maji ya Julai mtaani Funaba yalifika mita mbili na nusu, na tunaomba nyumba zilizosafishwa mapema zikaguliwe tena kwa kufuata alama za majirani. Akagonga muhuri mkubwa wa chama. Barua ilikwenda mkoani mwezi wa Agosti, na ombi la Bi Yasutake likaegemea juu yake.

Laiti angeishia hapo.

Mwezi wa Novemba ilisikika kwamba mkoa unachora upya ramani ya maeneo ya hatari, na kwamba Funaba utapakwa zambarau iliyokolea, rangi ambayo mnunuzi akiiona hukumbuka ghafla kwamba ana safari. Naibu mwenyekiti, Tokunaga, kijana wa miaka hamsini na mbili mwenye gari jipya na sauti ya kutangazia mnada, akaitisha kikao. Alisema mtaa utakufa. Alisema serikali haina macho, ina kalamu za rangi tu. Kisha akatoa barua aliyokwisha kuiandika: maji ya Julai mtaani Funaba yalipita kwa muda mfupi, kwa sehemu kubwa yakiwa ya kimo cha goti, hivyo tunaomba rangi hafifu.

Murozono aliisoma mara mbili, na safari hii alisoma polepole. Alikuwa na nyumba mbili za kuuza Funaba ambazo hakuna aliyekuwa akizipigia simu. Akajiambia kwamba cheti ni habari ya jana na ramani ni habari ya kesho, kwa hiyo hayo ni maji tofauti. Binadamu akitaka kujidanganya hakosi hoja. Akagonga muhuri.

Tena, nani husoma barua hizi? Katika miaka yake ya uenyekiti alikuwa amepeleka mkoani barua kumi na tisa. Utaratibu ni uleule: wajumbe watano wenye suti nyeusi, mwenyekiti anaikabidhi barua kwa mikono miwili, afisa anaipokea kwa mikono miwili, wote wanainama, mpiga picha wa gazeti anapiga, chai, dakika kumi, kwaheri. Barua hufunguliwa na mchwa.

Tatizo la Bwana Inutsuka ni kwamba alikuwa anasoma. Alikuwa mkuu mpya wa ofisi ya kurejesha hali kwenye maeneo ya mafuriko, mtu mwembamba mwenye koti la kazi la mkoa, na mezani kwake kulikutana kila kitu: ramani, vyeti, rufaa. Picha ilipopigwa na mpiga picha akaondoka, hakusema kwaheri. Aliifungua barua, akaisoma yote pale mbele yao huku chai ikipoa, kisha akavuta faili na kutoa barua nyingine. Murozono aliutambua muhuri wake kabla hajayaona maandishi.

Inutsuka aliziweka sambamba, akazinyoosha kwa kiganja.

"Naomba mnielimishe," alisema kwa heshima zote. "Agosti mliandika kwamba maji ya Julai yalifika mita mbili na nusu. Sasa ni Novemba, na maji yaleyale yamefika magotini. Naona yanapungua kila mkiandika."

Murozono alipiga hesabu moyoni kwamba barua ya tatu ingeleta ukame.

Tokunaga akaokoa jahazi, au alidhani anaokoa. Alieleza kwamba ile ya Agosti iliandikwa kwa uchungu, watu wakiwa na majonzi, na mtu mwenye majonzi hutia chumvi bila kukusudia. Chama hakitakuwa na neno mkoa ukiichukulia kuwa iliteleza.

"Nikiandika kwamba imeteleza," alisema Inutsuka, "maombi yote yanayoitegemea yatateleza nayo. Kuna moja linaamuliwa Ijumaa. La Bi Yasutake Sumie."

Akamgeukia Murozono. "Mwenyekiti, muhuri ni wako kote kuwili. Nifuate upi?"

Tokunaga alimgusa goti chini ya meza. Wale wajumbe wengine watatu waliangalia chai kana kwamba kuna samaki ndani. Murozono alijua vizuri kilichokuwa kikimsubiri kila upande. Akisema magoti, nyumba zake mbili zitauzika na watu kumi watamsifu, na mama wa watu ataendelea kulala na baiskeli. Akaona aibu, aibu ya kweli inayopanda hadi masikioni, kwamba hata alihitaji muda wa kufikiri.

"Mita mbili na nusu," alisema. "Nilipima mwenyewe, nimesimama juu ya kiti, mke wangu kanishikia kiuno. Maji ya magotini yalikuwepo, sikatai. Yalikuwa ya magotini kwa mtu aliyesimama juu ya kabati langu."

Akaomba barua ya pili irudishwe. Inutsuka akasema haiwezi kurudishwa, imeshapokelewa. Inaweza tu kuondolewa, na kuondoa kuna fomu yake. Akaitoa fomu. Murozono akaijaza palepale mbele ya wenzake, sehemu ya sababu akaandika "si kweli", akagonga muhuri kwa mara ya tatu.

Wakati wa kurudi kila mmoja alitamani kufika kwake haraka. Lakini desturi ni desturi: baada ya kwenda mkoani huliwa tambi kwenye mgahawa ulioko kabla ya daraja, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuivunja. Basi wakakaa, wakaagiza, na kabla bakuli hazijaisha Tokunaga alikuwa amewapigia simu wanachama waliobaki, wakapiga kura, na Murozono hakuwa mwenyekiti tena. Tokunaga alimwambia kwa upole kwamba si chuki. Murozono akajibu kwamba anajua, na akamwomba ampitishie pilipili.

Ijumaa ikapita, Bi Yasutake akapata cheti cha kuharibikiwa kabisa. Ramani mpya ikatoka mwezi uliofuata, Funaba zambarau tupu. Simu ya ofisi ya Murozono ikanyamaza hadi Tomie akaifuta vumbi akidhani imeharibika.

Mteja wa kwanza kuingia tangu siku hiyo alikuwa Bi Yasutake mwenyewe. Alikuja na chupa ya achari ya figili na habari kwamba anataka kupanga chumba kule mlimani, karibu na zahanati. Murozono alikuwa nacho kimoja kizuri. Akamkalisha, akamwonyesha kitambulisho, akaanza kusoma. Safari hii alisoma neno kwa neno, mstari kwa mstari, hadi mama akaanza kusinzia.

"Mwenyekiti, kazana kidogo," alisema. "Nitazeeka hapa."

"Mimi si mwenyekiti tena, mama." Akaiweka karatasi chini. Kulikuwa na jambo alilolibeba miezi yote ile, akalitoa. Alimwambia kwamba siku ile alipomuuzia nyumba aliukimbia ukurasa wa mto kwa makusudi ili asimsikie, na kwamba alipomwona juu ya paa alitamani ardhi immeze.

Bi Yasutake alimtazama kwa mshangao, kisha akacheka hadi akashika meza.

"Hukimbii kitu, wewe. Mimi nimeandika hati mkato mahakamani miaka thelathini na moja. Mawakili walinitapikia maneno mara mbili ya hayo yako, na neno halikunipita. Ukurasa wako niliusikia wote, mpaka pale uliposema mto unaweza kufika dirishani."

"Sasa kwa nini ulinunua?"

"Mkeo alipoleta chai nilimuuliza nyinyi mnakaa wapi. Akasema hapahapa. Nikaona, karatasi ni karatasi. Lakini mtu anayeusoma ukurasa huo kila siku na bado analala hapa, lazima anajua kitu nisichokijua."

Murozono aliiangalia karatasi pale mezani. Hakujua kitu. Alikuwa ameusoma ukurasa ule mbele ya mamia ya watu, na katika miaka arobaini na moja hakuwahi hata siku moja kuwa mmoja wa waliousikiliza. Mama huyu hakudanganywa na kasi yake. Alikifuata kitanda cha Murozono, na kitanda hicho ndicho kilichompandisha juu ya paa. Machozi yakamlengalenga, akajifanya anatafuta wino wa muhuri.

Bi Yasutake alisaini, akagonga muhuri, akaukunja mkataba vizuri na kuutia mkobani. Alipokuwa akivaa viatu mlangoni akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya kabichi: "Na hicho chumba cha jirani yangu kule juu, nilikiona kimefungwa. Kina mtu?"

Murozono alikiangalia kitabu chake. Akaziangalia kuta, na mstari ule wa kahawia uliopita juu ya kichwa chake pande zote za ofisi.

"Hakina mtu," alisema. "Labda niuulizie ufunguo wake."

"Usihangaike, Baba," alisema Tomie kutoka jikoni. "Ninao mimi tangu Septemba, na madirisha nimeshayapimia mapazia."