Msamaha Ambao Sikuuomba

Asubuhi ile mjomba wangu alinitangulia chuoni, na mfuko wa sukari na majani chai mkononi, kwenda kuniombea msamaha. Mimi mwenyewe nilikuwa bado sijajua nimekosa nini.

Nafundisha historia katika kampasi ndogo hapa Isiolo, kwa mkataba wa kusainiwa upya kila mwaka. Juma hilo somo lilikuwa juu ya ugomvi wa zamani wa malisho kule upande wa Kipsing. Nilikuwa nimewahoji watu wa pande zote mbili, na wote, hata wa kwetu, walikubaliana jambo moja: boma la kwanza kuchomwa lilichomwa na watu wa kwetu. Nikalisema darasani vivyo hivyo. Wanafunzi kadhaa, watoto wa kwetu hao hao, wakaenda kwa mkuu wa kampasi kusema nachochea.

Sasa, kwetu mtu wako akitajwa kwa ubaya, wazee hawangoji ajitetee. Wanawahi kumtuliza aliyeudhika kabla maneno hayajakua. Ni adabu, na imeokoa roho za watu. Lakini chuoni, anayeomba msamaha amekiri kosa. Wallahi, nilipomkuta mjomba kwenye ofisi ya mkuu, kofia kichwani, fimbo magotini, sikujua nicheke au nilie.

"Habari, madam. Keti, keti," mkuu akasema, uso umechangamka. "Mzee amemaliza kila kitu. Wewe toa tu hiyo mada, mkataba nasaini leo."

Nikamgeukia mjomba. Sisi kaka ya mama tunamwita abuya.

"Salaam aleikum, abuya. Umeniombea msamaha wa nini?"

"Aleikum salaam. Mimi sijui. Nimeambiwa umetukana watu."

"Mkuu, nimetukana nani? Nimesema uongo?"

"Sijasema ni uongo. Nasema hawa watoto wanakaa darasa moja."

Hasira ilikuwa imenipanda, lakini udadisi ukaizidi mbio. Nikamuuliza, na nilitaka kujua kwelikweli: ningesema boma lilichomwa na wale wengine, kuna mtu angekuja kulalamika? Akaanza kupanga karatasi mezani. Mpaka leo naamini alikuwa hajawahi kujiuliza.

"Kazi yangu ni kuuliza pande zote, na kusema nilichokipata," nikasema. "Aliye na ushahidi tofauti aje darasani, nitampa chaki. Watoto wa upande wa pili wamesikia hii habari tangu wakiwa wadogo. Wasioijua ni wetu."

"Kwa hivyo?"

"Msamaha wa mjomba ni wake, na ninamheshimu. Mimi siombi. Mada haitoki."

Akafunika kalamu yake. "Basi mkataba utangoja, madam."

Niliogopa, sitaficha. Naipenda kazi ile. Napenda hata kelele za viti wanafunzi wakigeuka kubishana.

Tulitoka na mjomba hadi getini. Nilijua nimemvunjia heshima mbele ya mkuu, nikawa nangoja anichambue kama kawaida yake, maana mjomba akianza kugomba hata mbuzi hutafuta pa kujificha. Hakugomba.

"Huko darasani," akasema baadaye, "ulisema boma lilichomwa na watu wa kwetu."

"Ndiyo, abuya."

"Hukusema nani."

"Hakuna aliyeniambia. Wote walifika hapo wakanyamaza."

Akachora mchangani kwa ncha ya fimbo, akafuta kwa kiatu. "Na mimi hukuniuliza."

Alikuwa hanitazami. Huyu ndiye aliyenibeba mabegani siku yangu ya kwanza ya shule, mvua ikinyesha, akanifunika kwa shuka lake mwenyewe. Niliogopa kuliko nilivyoogopa ofisini. Nikipata jibu, sitaweza kulifuta. Nisipouliza, basi yale yote niliyomwambia mkuu yalikuwa kelele tu, ujasiri wa kuuliza wajomba wa watu wengine.

Nikamsogelea.

"Abuya," nikasema, "nani alichoma?"