Nukta Iliyonifikisha kwa Mjomba

Chekeni kabisa sasa hivi mmalize, maana nikifika katikati mtanikatisha. Mimi, mtu mzima na ndevu zangu, niliwahi kupeleka posa kwa projekta, tena bila kukusudia, mbele ya darasa zima, na aibu yake bado inaniwasha masikio.

Nilikuwa hapa Morogoro nikifundisha kompyuta makarani wa masjala, wengine wametoka Gairo, wengine Turiani na Dakawa, watu waliozeeka na majalada ya karatasi. Wakati huohuo nilikuwa nimezama kwa Zuhura, binti wa Kiluguru, na kitu kimoja tu kilininyima raha: mjomba wake. Nilikuwa sijawahi kumtia machoni. Sisi Wasukuma nyumbani kwetu posa inakwenda kwa baba, basi, lakini Zuhura alinionya kwamba kwao mjomba ndiye mwenye neno, na huyu wake alishawarudisha wachumba wawili (mmoja kosa lake lilikuwa kuchelewa). Nikaona isiwe tabu, nitapita kwa baba kimyakimya, mjomba aje akute mambo yameshaiva.

Barua nikaziandika kwenye kompyuta ya kazini, na ili zisionekane nikaanza kila jina la faili kwa nukta, maana kompyuta zetu zile ukitanguliza nukta faili linajificha. Nikajiona mjanja.

Siku ya tukio nikawafundisha amri ya herufi mbili, ls, ambayo ukiiandika kompyuta inakutajia vilivyomo kwenye folda. Majina yakajipanga ukutani, darasa likasema "aaah!", nami kichwa kikavimba. Mzee mmoja wa mstari wa mbele, mwenye kofia na miwani, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, ndiyo yote hayo? Masjala tuna majalada ya wazi na ya siri. Ya siri yako wapi?"

Mtu mwenye akili angesema twende chai. Mimi, kwa kupenda sifa, nikasema, "Ngojeni niwaonyeshe uchawi," nikaandika ls -a, ile a ya kufichua vyote, nikabonyeza. Ukutani, herufi kubwa kama za bango la uchaguzi:

.posa_kwa_baba
.posa_kwa_baba_safi
.posa_kwa_baba_safi_kabisa
.zuhura_wangu_mashairi
.mbinu_za_kumkwepa_mjomba

Darasa likalipuka. Mama mmoja wa Turiani alicheka mpaka kanga ikamdondoka. Nikahangaika kufunga, nikabonyeza sijui nini, herufi zikazidi kuwa kubwa! Nikaruka kuziba mwanga kwa mwili wangu, na hapo ndipo neno "mjomba" likatua kwenye paji la uso wangu, likakaa.

Yule mzee peke yake hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwalimu, Zuhura huyo ni yule wa Kigurunyembe? Mama yake anauza ndizi?"

"Ndiye, mzee. Unamfahamu?"

"Mama yake ni dada yangu. Tumbo moja."

Jamani! Nikasikia mdomo wangu unasema, "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Asubuhi ulishanisalimia." Akageukia ukuta, akasoma orodha yote tena taratibu kwa sauti, faili moja baada ya jingine, kisha akasema, "Jalada la siri likishafunguliwa hadharani, linafanyiwa kazi. Andika upya. Barua ije kwangu kwa mkono wa mshenga, nakala kwa baba yake. Na hilo la mwisho uliambatanishe."

Nililiambatanisha, ningefanyaje? Siku tatu nilishindwa kula. Mshenga aliporudi alikuwa anacheka peke yake njiani: mjomba amekubali, na kwenye karatasi ya mbinu zangu ameandika pembeni kwa wino mwekundu, "Namba nne ingefaulu. Bahati yangu hukuitumia."

Zuhura ni mke wangu sasa, na nimeapa ile a sitaiandika tena mbele ya watu, hata kwa mtutu wa bunduki. Kuficha nako nimeacha. Maana mjomba kila akija kwetu, akishamaliza chai, anatazama sebule pole pole na kuniuliza, "Mkwe, ndiyo yote haya?" Nami nainuka mwenyewe, namfungulia mpaka kabati.