Pumzi ya Fundi Saa

Mume wangu ni fundi saa, na fundi saa hapumui kama watu wengine. Akifungua saa ya mkono, ndani kuna skrubu ndogo kama punje ya chumvi. Pumzi moja tu, nayo imeruka, na mtaitafuta sakafuni kwa magoti mpaka jioni. Kwa hiyo huvuta hewa, huizuia, huiweka skrubu mahali pake, ndipo hushusha pumzi. Mteja mzoefu akimkuta hivyo husimama kimya mlangoni, hamsalimii mpaka pumzi ishuke. Hiyo ndiyo adabu ya kazi yao.

Zamani alifanya kazi na mdogo wake, meza moja, taa moja. Siku moja saa ya mteja ikavunjika kwa ndani. Nani aliivunja hajui mtu, lakini shemeji yangu akawahi kusema mbele ya mteja kwamba macho ya kaka siku hizi yanamsumbua. Basi. Maneno yakazunguka mtaa mzima. Hawakupigana, walinuna tu. Shemeji akahamisha vifaa vyake, akafungua duka ng'ambo ya barabara, mlango unautazama mlango wetu, na tangu hapo hawasalimiani. Wahenga walisema ndugu wakigombana ushike jembe ukalime, wakipatana ushike kapu ukavune. Mimi nimelima, jamani. Nimelima mpaka jembe limebaki mpini.

Halafu mikono ya mume wangu ikaanza kutetemeka. Kibano kikishika skrubu, kinacheza. Daktari akampima damu, mishipa na kichwa, asione kitu, mwisho akamuuliza kama kuna jambo analolala nalo. Mume wangu akamjibu kwamba analala na mimi. Nilijua ni kinyongo. Nilijua pia kwamba mikono ile isipotulia tutafunga duka, maana hana kazi nyingine anayoijua.

Nikampeleka kwa Mama Kimya. Ni nesi mstaafu. Jina alipewa na majirani kwa sababu kila jioni huketi na watu sebuleni kwake, wamefumba macho, hakuna anayesema neno. Anachofundisha ni chepesi kukisikia: keti, fuata pumzi yako ikiingia na ikitoka, na kila inapotoka mkabidhi Mungu kile kinachokuuma. Mimi mara ya kwanza nilisinzia, na ya pili pia. Nilikuwa nimechoka, sioni aibu kusema. Mume wangu alikaa wima, uso unaiva, mpaka Mama Kimya akamgusa bega. Alikuwa amezuia pumzi. Kaambiwa aifuate, yeye kaikamata, kwa sababu maishani mwake kutulia na kutazama jambo kwa makini ni kuacha kupumua.

Njiani aliniambia kwamba amejaribu kumkabidhi Mungu mdogo wake, na inaonekana Mungu hamtaki.

Tuliendelea kwenda. Muujiza sikuuona. Jioni nyingine alirudi na hasira nyingi kuliko alizokwenda nazo, maana ukifumba macho ndipo mambo yote yanakuja. Lakini siku moja Mama Kimya alimwuliza, "Ukishaiweka hiyo skrubu, unafanyaje?"

"Nashusha pumzi."

"Na hili la mdogo wako, umelizuia tangu lini?"

Alishusha pumzi ndefu mpaka waliofumba macho wakafumbua, kisha akalia. Na mimi nikalia, kwa sababu nilikuwa nimechoka kumsubiri.

Kesho yake asubuhi, kabla sijamaliza kufagia duka, akavuka barabara. Nikamfuata na ufagio mkononi. Shemeji alikuwa ameinama mezani, lenzi jichoni, pumzi ameizuia. Mume wangu akasimama mlangoni. Hakumsalimia. Alimsubiri kama adabu inavyotaka, na mimi nyuma yake nikaona alichokuwa anakiona: kibano kinacheza. Shemeji alijaribu kuiweka skrubu, ikakataa. Akajaribu tena. Mwisho ikamponyoka, akashusha pumzi, akainua uso.

"Kaka," akasema.

Mume wangu aliitazama ile mikono. "Tangu lini?"

"Tangu nihame."

Mume wangu akanyoosha ya kwake juu ya meza, ikatetemeka pale mbele ya taa, hakuificha.

"Yangu nayo," akasema.

Hakuna aliyeomba msamaha. Mambo ya saa na ya macho hayakutajwa, na kapu la kuvunia bado sijalishika. Shemeji alisema tu kwamba skrubu imeanguka upande wa mlango, nao wakapiga magoti kuitafuta, wazee wazima wawili. Nikauacha ufagio nje, maana pale ungeharibu, nikapiga magoti na mimi. Hatukuipata. Lakini tuliinama pale chini muda mrefu, na niliwasikia wote wawili wakipumua.