Nasuka, Unanisomea

Siku ile siisahau, mwanangu, na nikiikumbuka bado nachemka. Nilikuwa mwaka wa pili wa kozi ya upishi, chuoni Changamwe, na mwalimu wetu wa usafi wa chakula alinisimamisha mbele ya darasa nisome ukurasa mzima. Mstari wa kwanza tu ulinitoa jasho. Herufi zimenichezea hivyo tangu utotoni: nalikamata neno, nikilirudia limekuwa jingine. Darasa likaangua kicheko, na mwalimu akasema mimi ni mvivu.

Mvivu, mimi! Na nyumbani Utange nako kila mtu akawa na dawa yake. Baba akaninunulia miwani, na macho yangu mazima. Mama akanipeleka kuombewa, mchungaji akakemea pepo mpaka sauti ikamkauka. Mjomba akasema nimerogwa. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza, jamani, ukisoma unaona nini. Walinichosha mno.

Kilichonisaidia ni vidole. Nilijua kusuka nywele, na wasichana wa hosteli walikuwa wakinijia kila Jumamosi. Sharti langu lilikuwa moja: mimi nakusuka, wewe unanisomea noti kwa sauti. Ukinyamaza, mkono unasimama, na nani ataka kwenda kanisani na kichwa nusu? Kozi nzima nilisomewa hivyo, na kilichoingia sikioni hakikutoka.

Lakini mtihani wa mwisho ulikuwa wa karatasi, na ukianguka, basi, umerudi nyumbani. Matroni wetu wa hosteli, mama mmoja wa Likoni asiyependa mchezo, alinikuta nasuka huku nalia. Nilipomweleza, akasema:

"Wasichana wote hawa wakusomea na huoni haya. Haya zaja kwa mkuu wa chuo tu? Nenda kamwambie unachokiona."

Nikaenda, nikamwambia. Mwalimu wa usafi naye akaitwa, akapinga, akauliza tangu lini mtu akasoma kwa masikio. Nikamwambia, "Niulize, mwalimu." Akaniuliza nyama mbichi yawekwa wapi kwenye friji, na kwa nini. Nikamjibu. Akatafuta swali gumu zaidi, nikamjibu, mpaka mkuu akamwambia yatosha. Nikapewa mtu wa kunisomea maswali na kuniandikia majibu, nikapita. Mwalimu yule hakuniomba radhi. Mpaka leo nangoja.

Sasa wewe, binti wa kaka yangu, umenijia na begi lako zima, umekacha chuo na mtihani u mlangoni, eti herufi zinakuchezea na waogopa kuchekwa. Wanipandisha presha, mwanangu. Siku hizi chuo chenu kina ofisi kabisa ya jambo hili, na mtu amekaa ndani akingoja, nawe wapita pale kila siku umeinamia simu!

Nisikilize. Usiwaachie watu wakubandike jina la ugonjwa wasioujua. Sema mwenyewe unachokiona, useme mapema, umwambie mtu mwenye uwezo wa kukusaidia. Kusomewa maswali si kupendelewa. Majibu yatatoka kichwani mwako mwenyewe. Watakaocheka wacha wacheke, wakichoka watanyamaza. Kesho asubuhi utarudi, na ofisi ile uiingie kabla hujalitua hilo begi.

Leo kaa hapo chini. Jirani yangu Mbeyu anakuja kusukwa, na sharti langu alijua. Toa noti zako. Mimi nitasuka, yeye atasoma, wewe utasikiliza, na ukisinzia nitakufinya. Mungu akupe masikio yasiyochoka, mwanangu, akupe na mdomo usioona haya kuomba. Siku utakayofuzu, kichwa chako nitakisuka mimi, na hutanisomea kitu.

Haya, hodi hiyo. Kamfungulie.