Mkono Wangu Ndani ya Trekta

Mume wangu Machano hasemi uongo. Muulizeni yeyote hapa Uroa. Akikwambia gari yako imekufa, kaizike; akikwambia kesho itawaka, kesho utaipanda. Mkimya, mikono mipana kama sinia, na trekta likipita barabarani yeye husimamisha tonge mdomoni alisikilize. Nyundo yangu ya kupondea kokoto alinitengenezea yeye mwaka tuliooana, kichwa chuma cha ekseli, mpini wa mpera. Wallahi nlimpenda zaidi kwa nyundo ile kuliko kwa mahari. Akiniita, mie huitika "naam" kabla hajamaliza jina langu.

Mwaka huu, masika bado, akaja kwetu mtu mmoja wa mjini, Mansour, na trekta jekundu kuukuu, linakohoa. Kwenda linakwenda, ila ile shafti ya nyuma inayochukua nguvu ya injini kuzungusha rotaveta, ile mashine ya visu vya kulimia, haizunguki.

"Likipona hili, Bi Mwanakheir," akanambia, "makonde yenu yote ya mpunga kule Cheju yatalimwa."

Nani asingefurahi? Sisi wanawake wa machimboni tunaponda kokoto za wajenzi, na mpunga tunalima kwa jembe la mkono mpaka migongo inagoma. Nkaenda kuwatangazia wenzangu. Bi Badria, mkubwa wetu, akasema, "Ukisema wewe nnaamini. Si mumeo ndiye fundi?"

Machano akalifungua trekta ubavuni. Kumbe kipini kinachoshika uma wa gea kimekatika, ndiyo maana ukivuta wenzo haliwi jambo. Akachonga kipya mwenyewe. Mtihani ukawa kukitia, maana tundu dogo na mkono wake haupiti. Akalazimisha mpaka ngozi ikamchunika.

"Mwanakheir!"

"Naam."

"Hebu njoo utie mkono wako."

Nkavua bangili, nkauzamisha mpaka kiwiko ndani ya oili nzito, yeye ananielekeza. "Juu kidogo. Hapo hapo. Sukuma." Kikaingia. Loh, nlijiona mtu! Akanifuta oili kwa shati lake kuukuu, kidole kimoja kimoja, akacheka, na Machano si mtu wa kucheka ovyo.

Halafu akanituma Mwanakwerekwe kumchukulia puli, gurudumu la chuma lenye mfereji wa kupitisha mkanda. Zito hilo! Nkaja nalo nimelifunga kanga.

"Hii ya nini?" nkamuuliza.

"Ya kuzungushia."

Mnaona? Hakusema uongo.

Siku alipovuta wenzo, shafti ikazunguka kwa kasi huwezi kuitazama. Bi Badria akapiga vigelegele, mie nkampokea. Machano akainama kupangusa spana zilizokuwa safi tangu asubuhi.

Jumatatu nkashika njia ya machimboni kama kawaida. Sijafika nkasikia mngurumo. Trekta la Mansour limesimama ukingoni mwa shimo, puli niliyoibeba mie imefungwa kwenye shafti yake, na mkanda mrefu umekwenda mpaka kwenye mashine yenye mdomo mkubwa. Mdomo unatafuna mawe. Upande wa pili kokoto zinamwagika. Lori la wajenzi wa hoteli, lile lililokuwa likichukua mafungu yetu, limekinga pale, na dereva wake hata salamu hakutupa.

Bi Badria hakunigombeza. Alinitazama mkono.

"Si ulisema la mpunga?"

Nkamwendea Machano, kasimama kando ya trekta na kopo la grisi.

"Ulijua?"

"Nlijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Mansour kanipa kazi ya kuiangalia mashine, Mwanakheir. Kazi ya kudumu. Ningekwambia, ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Sasa mie niponde nini? Bi Badria aponde nini?"

"Nlikuogopa."

"Ebo! Ungeniogopa usingeniita nitie mkono."

Akainamia kopo lake la grisi. Siku ile nlitamani Machano aniongopee, japo kidogo, aseme hata yeye kadanganywa. Ningeamini. Wallahi ningemwamini mbele ya watu wote wale.

Masika yameshaingia, na Cheju hakuna trekta lililofika. Tunalima kwa mikono, tukirudi tunaponda kokoto za watu wanaojenga vibanda vyao, ndoo mbili tatu, basi. Wenzangu wananiitikia salamu, lakini habari za machimboni hawanambii tena. Nyumbani nampikia, namwandalia, na maneno yangu nakaa nayo.

Juzi mashine ikanyamaza ghafla. Mansour akaja mbio kutoka mjini. Wakafungua ubavu wa trekta. Kipini kile kile kimekatika tena. Machano akatia mkono, haukupita. Mansour akajaribu wake, haukupita. Lori linangoja. Machimbo yote yakawa kimya, zinasikika nyundo zetu tu.

"Mwanakheir!"

Wenzangu wakaacha kugonga. Bi Badria akaishusha nyundo yake mapajani, akanitazama.

"Mwanakheir!" akaita tena.

Nkachagua jiwe, nkaliweka katikati ya kipande cha tairi kinachozuia vipande visiruke, nkalipiga kwa nyundo aliyonitengenezea. Nkalipiga tena kwa nguvu, ajue kwamba nipo na nimemsikia.