Pleti Chini ya Kitanda cha Salha

Abdulatif alikuja Makambako kutoka Singida miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na malori yakaanza kujaa njia panda, akapanga chumba kinachopakana na changu. Alikuwa fundi betri. Betri ya lori ikifa aliipasua, akachomoa pleti, yale mabamba ya madini ya risasi yaliyobanana kama kurasa, akachagua zilizo nzima ili aunde betri nyingine.

Pleti za kijivu ndizo zilizomtesa. Zikitolewa na kuachwa kwenye upepo zinapata moto zenyewe, halafu zinapauka na hazishiki chaji tena. Kwa hiyo alizilaza ndani ya maji, kwenye mabeseni, chini ya kitanda alicholala na mkewe Salha.

"Fundi, unazifunika kuliko mtu anavyofunika mtoto," nilimtania.

"Mtoto haliwi na hewa, Mama Feliciana. Hizi zinaliwa."

Salha hakucheka. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika, na ya tatu ilikuwa na miezi sita. Nilimsindikiza kliniki. Nesi aliona mstari wa bluu kwenye ufizi wake, akauliza mume anafanya kazi gani. Akasema risasi ile inaingia mwilini kwa vumbi na kwa maji. Kama wanamtaka mtoto, mabeseni yatoke chumbani leo leo.

Yakatoka. Abdulatif aliyapeleka banda la kuku bila ubishi. Salha alipiga deki mara mbili, akafua hadi mapazia. Wiki ile nilimsikia akiimba.

Kisha kuku wakapindua beseni. Asubuhi pleti zilikuwa chini, za moto, zimeshapauka. Msafiri, mwenye lori aliyekuwa akizisubiri, hakutaka maelezo.

"Kwa hiyo betri yangu imeliwa na kuku?"

"Na hewa, bosi."

"Hewa! Mimi mtoto wako?" Akabeba jiko la kuyeyushia risasi na koleo, akaondoka navyo kuwa fidia.

Jioni mabeseni yakarudi chini ya kitanda. Nilisimama mlangoni.

"Fundi, nesi alisemaje?"

"Nesi hanilishi, mama."

"Na mtoto?"

"Kwani yeye atakula nini?"

Salha alikuwa amekaa kitandani, miguu ameikunja juu.

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, wa kiume. Hakulia. Abdulatif alimzika pamoja na wanaume wa msikitini. Aliporudi nilimpa chai. Viganja vyake vilikuwa vimeanza kulegea kwa risasi ile tangu kiangazi. Siku ile vilining'inia tu, kikombe kikamshinda, nikamshikia anywe.

Salha alimalizia arobaini kwangu, na hajarudi. Tunalala watatu, yeye, mimi na binti yangu Feliciana. Tunamsikia mumewe upande wa pili akimimina maji kwenye mabeseni. Kitanda cha Feliciana nimekihamisha kutoka ukuta ule, nyufa nimeziziba kwa udongo. Tunatafuta chumba Kitandililo, mbali na hapa. Bado hatujapata.